Tulimtoa Temu, Tukashinda

Jumamosi, 9 Agosti

Presha 151 kwa 94. Dawa nimekunywa. Daktari aliniambia niandike namba tu kwenye daftari hili, lakini namba peke yake zinanichosha. Naandika na mengine.

Zamu ya asubuhi, uwanja wa ndege wa Arlanda. Mashine ya kusugulia sakafu imegoma tena, nimesukuma mopu kwa mkono ukumbi mzima. Mgongo unauma. Nimerudi nyumbani Märsta, nimepika makande. Tangu mama watoto arudi Same napika sufuria moja nakula siku nne.

Temu kapiga. Kesho mechi. Kabadilishana zamu na dereva mwenzake, kwa hiyo anakuja. Nimemwambia asije. Msimu mzima timu yetu imeshinda mara mbili, na mara zote mbili yeye alikuwa kwenye basi lake kazini. Nuksi tupu. Kanijibu Mpare akishindwa lazima atafute wa kumshtaki. Yeye Mchaga, mimi Mpare, watani tangu tuletwe huku Sweden tukiwa vijana kwenye mafunzo ya ufundi. Miaka thelathini na kitu hajawahi kuniita Mshana. Ananiita Mpare, basi.

Watu wakisikia sisi ni mashabiki wa besiboli wanacheka. Wana haki. Tulianza kwa ajili ya Okello, Mganda, anayeucheza mchezo huu tangu shule kwao. Tulikwenda mara moja kumshangilia kwa heshima. Hatukuelewa kitu. Mmoja anarusha, mwingine anakosa, wote wanatema mate. Sasa Jumapili bila hiyo timu mbovu sijui ningefanya nini.

Jumapili, 10 Agosti

Tumeshinda. Kumi kwa tisa.

Temu amekufa.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikwenda kazini. Sikupima presha. Naandika jinsi ilivyokuwa, kabla sijaanza kuipamba.

Tulikuwa wanne kwenye benchi letu. Mimi, Temu, Wambui yule nesi Mkenya, na Papa Didier wa Lubumbashi na ngoma yake. Temu alinichukua stesheni kwa gari lake. Alikuwa mchangamfu. Alisema ana kiungulia, akalaumu maharage. Mpaka kuingia kipindi cha tisa, ambacho ndicho cha mwisho, tulikuwa nyuma tisa kwa tatu. Wazungu walianza kukunja viti.

Nikasimama. Nikamwambia Temu, mbele za watu, toka. Nenda kakae garini mpaka mechi iishe. Nuksi wewe, unaua timu. Didier akapiga ngoma, akapaza kwa Kifaransa chake, nje, nje: "Dehors, Temu, dehors!" Wambui akacheka mpaka akashika mbavu. Temu naye alicheka. Akachukua kikombe chake cha chai, akasema, "Nyie subirini. Mkishinda mtanibeba mgongoni." Akashuka ngazi akienda maegesho. Akageuka mara moja. Nikamwonyesha kwa mkono: nenda, nenda.

Na timu ikaamka. Wallahi sijawahi kuona. Mrushaji wao alichoka, akawa anarusha ovyo, wetu wakapiga, wakakimbia, wakafika. Tisa kwa tano. Hapo simu ikatetemeka mfukoni. Temu. Nikaona jina nikacheka, nikajua anabembeleza arudi. Nikakata.

Tisa kwa saba. Ikatetemeka tena. Nikakata. Mara hii sikucheka. Nilikasirika. Nakiri hapa, pahali pengine sijui kama nitaweza. Kwa zile dakika utani ulikuwa umeniisha. Niliamini kweli kwamba nikipokea, nikisikia tu sauti yake, tutafungwa.

Tisa kwa nane, Okello kashika gongo, mmoja wetu yuko kwenye kituo anasubiri kukimbia. Simu mara ya tatu. Nikaizima kabisa.

Okello akaupiga ule mpira mpaka nyuma ya ua, alama mbili kwa mpigo. Hiyo ndiyo furaha kubwa niliyoipata mwaka huu. Nililia. Nilimkumbatia mzungu nisiyemjua.

Tukashuka kwenda maegesho tukiimba, Didier na ngoma. Temu yuko kwenye kiti cha dereva, kichwa kimeegemea kioo. Tukadhani anajifanya. Angeweza, alikuwa mtu wa vituko vile. Nikagonga kioo. Nikamwambia umeona, Mchaga, umeona ulivyotoka tu? Nikaendelea kumtania. Dakika nzima nimemtania. Wambui ndiye aliyenisukuma pembeni akafungua mlango.

Alimlaza chini akamkandamiza kifua mpaka ambulansi ikafika. Chai ilikuwa imemwagika kwenye suruali.

Baadaye, nyumbani kwa Temu huko Alby, mkewe Mama Neema aliniuliza swali moja tu. Shemeji, alikuwa na furaha? Nikasema alikuwa katikati yetu anashangilia, tumeshinda, ndipo akashuka kwenda garini kuweka kikombe. Uongo ulitoka laini, bila hata kukwama. Wambui na Didier walitazama zulia.

Jumatano, 13 Agosti

Msibani Alby. Nyumba imejaa. Watu wa kanisani, madereva wenzake, Watanzania, Wakenya. Masufuria hayatoshi, viatu mlangoni mpaka kwenye lifti.

Kila anayeingia Mama Neema anamwelekeza kwangu. Mwulize shemeji Mshana, yeye alikuwepo, atakwambia alivyoondoka kwa furaha. Nami nasimulia. Tisa kwa tatu, tisa kwa tano. Nimeshasimulia mara sita. Nimegundua kila mara naongeza. Leo Temu alikuwa amesimama juu ya benchi anapunga kofia.

Wambui kaniita jikoni. Anaona vibaya kwamba tulimtoa. Kasema, "Mzee, ilikuwa jokes tu. Tusimwambie mama wa watu, itamsaidia na nini?" Didier naye kakubali. Wao wanajua la kumtoa tu. La simu hawalijui. Nimewatazama nikaona wivu. Wana dhambi ndogo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimerudi kazini. Paja linatetemeka. Naingiza mkono, simu iko kimya. Imetokea nikiwa kwenye choo cha wanaume, kwenye lifti, kwenye chai ya mapumziko. Leo niliiacha simu kwenye kabati la nguo makusudi. Mfuko mtupu ukatetemeka vilevile.

Mwenzangu wa zamu kaniuliza nini. Nikasema misuli.

Jumapili, 17 Agosti

Mechi leo. Okello kaniomba niende, timu inavaa vitambaa vyeusi kwa ajili ya Temu. Nimesema naumwa. Kweli naumwa, presha 168.

Badala yake nikampigia Wambui. Nikamzungusha. Nikauliza, hivi mtu moyo ukimkamata namna ile, akipata msaada ndani ya dakika tano, anapona? Akasema wengine wanapona, wengine hawaponi, inategemea. Akasema, "Ningekuwa karibu naye ningejaribu, Mzee. Lakini hakuna aliyejua." Kisha akauliza mbona nataka kujua. Nikasema basi tu.

Wambui alikuwa kushoto kwangu. Bega lake lilikuwa linagusa bega langu wakati nakata simu. Maegesho ni dakika tatu kwa miguu, mbili ukikimbia. Nesi wa zamu za dharura, miaka kumi na tano.

Mama alikuwa akituambia, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tulikuwa tunadhani anatukataza kelele.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda Alby kupeleka viti. Neema, binti yao, alikuwa mezani na mfuko wa vitu vya baba yake waliorudishiwa na hospitali. Saa, pochi, kofia, simu. Simu inataka namba ya siri na hawaijui. Mama Neema anaitaka ifunguliwe. Anasema humo kuna picha za siku ile, ataziona sura zake za mwisho. Neema kasema kuna mtu anayeweza kuifungua, ila amejaa kazi, itabidi wasubiri.

Nilikuwa nimeshika kiti. Nikaendelea kukishika.

Humo hamna picha za shangwe yoyote. Humo mna jina langu mara tatu mfululizo. Sijui aliniandika kwa jina gani, labda Mpare.

Za mwizi arobaini. Mimi niko ya kumi na moja.

Jumapili, 24 Agosti

Sikwenda kanisani, sikwenda uwanjani. Timu imefungwa, Didier kanitumia ujumbe. Hata sasa hawawezi kushinda, na nuksi wao yuko kwenye jokofu. Nimeandika sentensi hii ikanitisha, lakini sifuti.

Jumatano, 27 Agosti

Mazishi ni Jumamosi. Huku maiti inangoja wiki tatu kama barua ya ofisi. Wazee wa kwao Rombo wamelalamika kwenye simu kwamba mtoto wao azikwe kihambani, kwenye shamba la ukoo, lakini Mama Neema kasema watoto wako hapa, kaburi litakaa hapa.

Kisha kaniomba. Stockholm nzima, katika watu wao, Mpare wa karibu ni mimi. Mtani ndiye anayefungua njia ya kaburi. Nyumbani ingekuwa hivyo na hapa iwe hivyo. Vaa nguo zake, shemeji, muigize, watu wacheke kidogo. Yeye angekufanyia.

Angenifanyia, kweli. Angenitia aibu mpaka maiti yangu ikacheka.

Ningesema nini? Nimesema sawa.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimevaa koti lake la udereva na ile kofia. Koti lina harufu yake, mafuta ya kujipaka na peremende. Lilinibana mabegani.

Sanduku lilipokaribia nikasimama mbele ya kaburi nikatanua mikono. Haingii mtu hapa. Huyu Mchaga ana deni la maneno, hajamaliza kunitukana. Watu wakaanza kucheka. Mzungu wa makaburi, maskini, alidhani tunagombania kiwanja. Akamwendea mchungaji mbio kuuliza kama aite mtu. Hapo ndipo walipocheka sana.

Nikamuigiza anavyoendesha basi, anavyopiga honi kwa kisigino cha mkono, anavyoshika mgongo akishuka ngazi. Nikaigiza anavyoomba chumvi kabla hajaonja. Mama Neema alikuwa amejifunika kitambaa, mabega yanaruka.

Kisha nikasema yote. Sikupanga. Nikasema kwa sauti ileile ya utani, maana nyingine sikuwa nayo. Nikasema jamani, aliyemuua ni mimi! Nilimfukuza uwanjani, nikamwita nuksi! Akanipigia simu mara moja, nikakata! Akanipigia ya pili, nikakata! Ya tatu nikaizima, nikasema kufa huko, sisi tunashinda!

Wakaangua kicheko. Mchungaji akacheka. Madereva wakapiga makofi. Mtu akapaza sauti, "Wapare bwana, roho mbaya!" Mama Neema akacheka mpaka akashikwa na dada zake, machozi yanamtoka, anasema huyu shemeji ataniua.

Wambui peke yake hakucheka. Didier alikuwa ameshika kamba za sanduku, sikumwona uso.

Maneno ya mtani msibani hayabebwi, hakuna anayeyachukulia kweli. Ndiyo faida yake. Nikasogea pembeni, wakamshusha.

Jumapili, 31 Agosti

Wambui kapiga. Sikupokea. Nikakaa natazama simu inavyozunguka yenyewe mezani. Kisha nikaona ninachofanya nikampigia haraka. Kauliza swali moja. Simu ni kweli? Nikasema ni kweli. Akavuta pumzi. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Akasema nilikuwa hapo, Mzee. Ningekimbia.

Akasema, mwambie yule mama. Usiende na mzaha tena.

Jumanne, 2 Septemba

Neema kaandika. Yule fundi ataishughulikia simu Alhamisi. Mama yake kafurahi sana.

Kesho nakwenda. Nimenyoosha shati. Naogopa. Nina miaka sitini na mbili na naogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda. Treni mpaka mjini, kisha treni ya chini ya ardhi, njia nyekundu, mpaka Alby. Nilipita ghorofa yao mara mbili kabla ya kuingia.

Alikuwa peke yake anakunja nguo za Temu, za kugawa. Akanipa chai. Nikamwambia nisikilize, Mama Neema, na usicheke. Niliyosema makaburini si utani. Nilimtoa mimi. Hakuwa nasi tuliposhinda. Alipiga na mimi nilikata, kwa sababu nilitaka tushinde. Wambui alikuwa karibu yangu. Nimekudanganya tangu siku ya kwanza.

Nilisema kwa mpangilio nilioufanyia mazoezi ndani ya treni.

Hakulia. Aliendelea kukunja shati lile lile, analikunja, analikunjua. Nilijiandaa kwa kila kitu. Kwa kofi, kwa laana, kwa kuitiwa polisi. Nilikuwa na jibu la kila kimoja.

Akauliza, "Alipiga mara ngapi?"

Nikasema tatu.

Akakaa. Akasema, "Siku ile nilikuwa nyumbani. Nilikuwa na simu mkononi, naongea na dada yangu, kisha nikaiweka hapa, mapajani. Hapa. Mimi hakunipigia hata moja."

Nikaweka kikombe chini.

Akasema tena, polepole, kama mtu anayehesabu vijiko, "Tatu kakupigia wewe." Kisha akasimama akafungua mlango. Akasema, "Nenda, Mshana." Jina langu tupu, bila shemeji.

Kwenye ngazi nilikaa. Jirani akapita na mbwa, akanisalimia. Nilifikiri ningejisikia mwepesi. Watu husema hivyo, kwamba ukisema unapata wepesi. Waongo.

Ijumaa, 5 Septemba

Ujumbe wa Neema, kwa Kiswidi. Fundi kashindwa. Simu ilijifuta yote, haina kitu, ni kama mpya. Ananishukuru kwa vyote nilivyowafanyia. Kwa hiyo mama yake hajamwambia.

Siku mbili. Ningenyamaza siku mbili tu, hakuna ambaye angejua mpaka nife. Nimekaa jikoni nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Temu angelipenda hili. Angelisimulia miaka.

Nimemwandikia Mama Neema pole ya simu kufutika. Hakujibu.

Jumapili, 7 Septemba

Mechi ya mwisho ya msimu. Nimekwenda. Nilifika nikasimama maegesho, pale lilipokuwa gari lake. Nilitaka kujua alisikia nini.

Unasikia kila kitu. Ngoma ya Didier, kofi la gongo, majina. Makelele yakipanda unajua kabisa wetu wamepiga. Nimesimama pale kipindi kizima na sauti ya Wambui naitambua peke yake kati ya zote. Alitusikia, basi. Anapiga simu huku anatusikia tunafurahi, na kila simu ikikatwa anasikia furaha inaongezeka.

Sikuingia. Wamefungwa kumi na moja kwa mbili.

Ijumaa, 12 Septemba

Presha 159. Kazi. Paja limetetemeka mara nne.

Nilipika ndizi nyama, chakula cha Wachaga. Sijui kwa nini. Ziliungua.

Alhamisi, 18 Septemba

Zamu ya asubuhi. Nilikuwa na mashine kwenye ukumbi wa kuondokea, abiria wachache, jua linaingia kwenye vioo. Paja likatetemeka. Nimezoea, nikaendelea kusukuma. Likatetemeka tena nikaona hapana, hii ni kweli.

Mama Neema. Tangu siku ile hajawahi kupiga.

Nikaacha mashine inazunguka yenyewe nikapokea. Nikasema haloo. Kimya. Nikasikia redio yake nyuma, na pumzi. Nikasema Mama Neema, kuna nini, uko salama? Nikasema nakuja sasa hivi, niambie tu. Nilikuwa napiga kelele, watu wakageuka.

Akasema hapana, niko salama. Nilitaka tu kujua kama utapokea.

Akakata. Mashine ilikuwa imegonga ukuta, nikaizima.